Hodi ya Zimwi Mavumo

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe unayemfinya mwenzio, nakuona.

Basi, hapo kale palikuwa na kijiji cha wasokota kamba, kikiitwa Makumbini. Watu wake walifukia makumbi ya nazi pwani, yakioza wakayafukua, wakayaponda, wakasokota kamba. Walikuwa watu wema, wema kupita kiasi. Kwao, mtu kubisha hodi asiambiwe karibu ilikuwa aibu kubwa. Hata mwizi angebisha hodi angepewa uji kwanza!

Sasa, kule baharini nyuma ya mwamba aliishi zimwi, jina lake Mavumo. Akiamka, upepo huvunja minazi na maji hupanda mpaka majumbani. Lakini alikuwa na sharti lake: nyumba ya watu haingii mpaka akaribishwe. Hodi tatu bila karibu, huondoka zake.

Mlinzi wa bahari alikuwa Faki, mume wa Mize. Alikaa pangoni juu ya kilima na baragumu lake. Akilipuliza mara ya kwanza, watu hufunga mapaa kwa kamba. Mara ya pili, huacha kila kitu na kukimbilia ghala la mawe mlimani. Mara ya tatu, mlango hufungwa, na haufunguliwi mpaka baragumu lilie tena.

Siku moja asubuhi, baragumu likalia: buuu! Halafu tena: buuu! Mize akaacha makumbi yake shimoni, akambeba mgongoni mama mkwe wake, Bi Time, ambaye alikuwa haoni, akapanda naye mlimani. Kijiji kizima kikaingia ghalani. Lilipolia mara ya tatu, Mize akatia komeo. Mke wa mpiga baragumu ndiye aliyekuwa mshika komeo.

Loh! Upepo ukaja. Ukang'oa, ukavunja, ukabeba. Watoto wakalia, wakubwa wakasoma dua. Roho ya Mize ilikuwa pangoni kwa mumewe.

Mara, upepo ukakatika. Jua likapenya kwenye nyufa za mlango. Watu wakashusha pumzi. "Alhamdulillahi, yamekwisha!"

"Baragumu halijalia," Mize akasema.

Basi wakasikia, "Hodi!" Sauti ya mzee. "Mimi msafiri, wanangu, nimelowa. Nifungulieni."

"Baragumu halijalia," Mize akasema. Watu wakainamisha vichwa kwa haya.

"Hodi!" Sauti ya mtoto. "Nimepotea. Namtaka mama."

Kina mama wakawatazama watoto wao, wote wamo. Hata hivyo mmoja akalia, "Huyo ni mtoto wa mwenzetu, Mize!"

"Baragumu halijalia."

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Faki. "Mke wangu, nimevunjika mguu. Nifungulie, nakufa."

Bi Time akapiga yowe. "Mwanangu! Mize, mfungulie mwanangu! Una moyo gani wewe?"

Mize alimpenda Faki, jamani, msije mkadhani hakumpenda. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye komeo. Akalia. Akasema, "Mume wangu, piga baragumu, nami nitafungua."

"Limevunjika, mke wangu."

"Basi sifungui. Nisamehe." Akaketi chini, akaegemeza mgongo mlangoni, asifungue yeye wala mtu mwingine.

Nje pakanguruma. Hodi tatu zimekwisha, na karibu hakuna! Mavumo akageuka aende zake kwa hasira, akavuta pumzi, upepo ukarudi kwa upande wa pili, mkali kuliko ule wa kwanza. Mlango ukatikisika mgongoni kwa Mize. Bi Time alikuwa akilia, "Umeniulia mwanangu! Umeniulia mwanangu!" Na Mize mwenyewe hakujua kama ni zimwi au ni mumewe. Maskini, hakujua.

Jioni baragumu likalia: buuu! Mize hakuweza kusimama. Watu wakamsogeza taratibu, wakafungua. Huko chini nyumba hazipo, minazi imelala. Lakini watu wote wazima.

Faki akateremka mbio kilimani, baragumu begani. Bi Time akampapasa uso, akampapasa magoti.

"Mguu wako vipi, mwanangu?"

"Mguu gani, mama?"

Bi Time akanyoosha mikono akimtafuta Mize, mpaka akampata pale chini. Akamvuta kifuani, wakalia wote wawili.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, mwenye kuitaka aichukue. Nanyi, wajukuu zangu, mkiambiwa tufani inakuja, ondokeni pwani mapema, vitu viacheni. Upepo ukitulia ghafla msitoke, kwani hurudi. Ngojeni waliowaonya wawaambie kuwa ni salama, hata kama moyo unauma.