Kwa Nini Siagi Iliyoyeyuka Hairudi Ilivyokuwa

Asimwe mjukuu wangu, usinifiche hilo bakuli. Nimeshaona. Siagi ilikuwa ngumu, ukaona uvivu kuingoja ilainike, ukaibandika jikoni ikawa maji, kisha ukaizamisha kwenye maji baridi igande upya, ukidhani bibi yako haoni. Sasa unaipiga na sukari ya keki na haiumuki, ina punjepunje kama mchanga. Na mama yako amekuita mara mbili, nawe kimya, eti una kazi mkononi. Weka mwiko chini. Na ninyi wengine sogeeni, ila msitegemee kucheka.

Zamani za mababu wa mababu zetu, hapahapa kwenye milima ya ng'ombe wenye pembe ndefu, siagi haikujua joto wala baridi. Ilitoka kibuyuni laini, ikabaki laini. Ukiiacha juani, ni ileile. Ukiiweka kwenye umande, ni ileile. Ukiitia juu ya ndizi za moto, ilikaa pale juu kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Watu waliipaka kuliko walivyoila. Mtoto akizaliwa alipakwa siagi, bibi harusi alipakwa, na maiti naye alipakwa kabla ya kuzikwa.

Enzi hizo aliishi mjane aitwaye Nyamwiza. Hakuna aliyemfikia kwa kutikisa kibuyu cha mtindi, na kila harusi siagi ilitoka kwake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kemilembe, msichana wa miaka saba hivi, mwenye maneno mengi kama chiriku. Na palikuwa na mwiko mmoja ambao kila mwanamke alifundishwa na mama yake: anayetikisa kibuyu hasemi wala haitikii mwito mpaka siagi ijikusanye. Akifungua kinywa, walisema, siagi itatawanyika na ng'ombe watakauka maziwa. Mwiko wa kipumbavu, mkiniuliza mimi. Lakini Nyamwiza hakuwahi kuuvunja, na sifa yake yote ilikuwa hapo.

Asubuhi moja Kemilembe aliamka na homa. Mama yake alimgusa paji la uso, akaona ni homa ya kawaida, akamfunika, akatoka kukaa mlangoni na kibuyu chake, kwa maana jirani alikuwa anamwoza binti yake kesho yake.

Mtindi ulikuwa umeanza kuwa mzito mtoto alipoita, "Mama."

Nyamwiza hakuitika. Alitikisa kibuyu kwa nguvu zaidi, ili mtoto asikie mlio wake na ajue mama yuko karibu.

"Mama, njoo unishike."

Alisikia madonge ya kwanza yakigonga ndani ya kibuyu. Bado kidogo tu, alijiambia, bado kidogo.

"Mama, nasikia baridi."

Nyamwiza alilia huku anatikisa, lakini hakufungua kinywa. Siagi ilipojikusanya, alitupa kibuyu, akaingia ndani mbio akiita, "Nimekuja, mwanangu, nimekuja!" Kemilembe hakujibu. Mikono yake ilikuwa imeshapoa.

Majirani walipokuja kumwandaa mtoto, Nyamwiza alikataa mtu yeyote amguse. Alichukua siagi ileile ya asubuhi, akaifumbata viganjani. Viganja vyake vilikuwa vinawaka kwa kazi na kwa uchungu, na siagi, ambayo haikuwahi kujua joto, ikayeyuka, ikachuruzika katikati ya vidole. Ilipogusa kifua cha mtoto, ikaganda. Akaisugua, ikayeyuka. Akaondoa mkono, ikaganda tena. Alifanya hivyo mpaka jua likaelekea kuzama, kana kwamba joto lile lingepenya ndani, na kila mara alisema, "Naam, mwanangu. Naam."

Mwishowe wifi yake alimshika mikono. "Wifi, mwache apumzike. Maji yakimwagika hayazoleki."

Kemilembe akazikwa. Siagi iliyobaki viganjani mwa mama yake ilikwanguliwa ikawekwa bakulini, na asubuhi ilikuwa imeganda. Nyamwiza aliichukua kwa kidole, akaisikia punjepunje, akasema, "Imerudi, lakini si yenyewe." Hakushika kibuyu tena maisha yake yote.

Na tangu siku hiyo siagi huyeyuka ikipata joto na huganda ikipata baridi. Ndiyo maana leo twaimimina juu ya ndizi ikapenya hadi ndani. Lakini ikishayeyuka, hata ukiigandisha namna gani, ule ulaini wake wa kwanza huurudishi. Na hapa kwetu mwanamke anayetikisa kibuyu akiitwa, huitika, hata siagi ikitawanyika yote.

Haya, Asimwe. Hiyo tutakaangia vitunguu, na keki tutaipigia nyingine. Ila siyo sasa. Huyo mama yako anaita mara ya tatu.