Kigeu Alichokiahirisha Marivic

Ufa hauiangushi nyumba siku unapoonekana. Huiangusha siku ambayo umekwisha kusahauliwa. Ndiyo maana wahenga walitutaka tuuzibe ungali mwembamba kama uzi. Marivic Dumlao wa mtaa wa San Roque, kando ya mto Cagayan, alilijua hilo kwa kulipitia.

Marivic alijitolea katika ofisi ya mtaa. Aliunda tovuti ya kuwaongoza watu msimu wa tufani, kwa programu isiyomtaka mtu awe fundi wa kompyuta: unaburuta kitufe, unaburuta picha, ukurasa unasimama. Kitufe kimoja tu, "Nikimbilie wapi?", kilihitaji mistari michache ya JavaScript, lugha ya kuamuru kurasa za tovuti. Kila sehemu ya mtaa ilikuwa na ukurasa wake wenye kitufe hicho, na ndani ya kila kimoja Marivic aliandika kwa mkono: Shule ya Msingi.

Mwenzake Rhodora alipoiona kazi ile, aliguna.

"Shoga, mbona jina umelirudia kila mahali? Programu yenyewe ina vigeu. Kigeu ni kama kopo lenye lebo. Unatia jina la kimbilio humo mara moja, vitufe vyote vinachungulia humo. Ukibadilisha kilichomo, kurasa zote zimebadilika."

"Kwani havifanyi kazi? Bonyeza hata kwa kidole cha mguu, kitajibu."

"Leo kitajibu."

"Haya, bibi mkaguzi. Wiki ijayo."

Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine, hadi Novemba ikaingia na tufani yake.

Asubuhi moja mto ulifura ukaimeza barabara ya shule. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Crisanto, akaagiza watu waende kanisani, juu kilimani. Marivic akaanza kurekebisha vitufe, kimoja baada ya kingine. Alipodhani amemaliza, simu ikalia. Alikuwa mama yake, aliyeishi ukingoni mwa mto.

"Mwanangu, tumeshatoka. Niko na jirani yangu Pilar na wajukuu zake, tunakwenda shuleni."

"Shuleni? Nani kakwambia, Mama?"

"Si hiyo tovuti yako. Nimebonyeza pale uliponionyesha."

Ukurasa wa ukingoni alikuwa ameusahau.

"Rudini, Mama. Msifike daraja la kwenda shuleni. Nendeni kanisani."

"Sisi tutarudi. Na waliotutangulia je?"

Rhodora, aliyekuwa kando yake ofisini akisikiliza, hakungoja kuambiwa. Alichukua kamba na kipaza sauti, akapanda nyuma ya pikipiki ya mzee Crisanto, wakaelekea darajani.

Marivic akabaki na kompyuta. Safari hii aliunda kigeu, akakiita kimbilio, akatia Kanisa ndani yake, kisha akaandika jina la kigeu hicho katika kila kitufe. Alipobonyeza, kila ukurasa ulimjibu neno moja: kimbilio. Akampigia Rhodora.

"Inaniandikia kimbilio tu. Kanisa halionekani."

Maji yalikuwa yakivuma upande wa pili. "Jina la kigeu umelitia ndani ya alama za kunukuu?"

"Ndiyo."

"Zitoe. Ukizitia, mashine inasoma lebo tu, haifungui kopo."

Marivic akazitoa. Kanisa likatokea kila ukurasa, pamoja na ule wa ukingoni.

Darajani, Rhodora na mzee Crisanto walikuta familia kadhaa, maji yakiwafika magotini, wakazirudisha nyuma zikiwa zimeshikilia kamba. Hakuna aliyepotea. Mama yake Marivic alifika kanisani amelowa chapachapa, mjukuu wa Pilar mgongoni, akilalamika kuhusu ndara zake tu.

Kufikia adhuhuri kanisa lilifurika watu, mzee Crisanto akafungua ghorofa ya juu ya soko. Marivic alibadilisha kilichomo ndani ya kigeu mara moja, na kurasa zote zikaitika kwa pamoja.

Baadaye alimpelekea Rhodora bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi.

"Wangesombwa, shoga," alisema. "Kwa uvivu wangu."

"Hawakusombwa. Kaa tule."

Marivic akaketi. Kazi aliyoikwepa wakati wa jua alikuwa ameifanya katikati ya mafuriko, roho mkononi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.