Kesi ya Nyanzala wa Hatua Tisa

Naanza.
— Anza, tukusikie.
Nikipotea?
— Tutakurudisha.
Nikisema kweli?
— Tutanyamaza.

Haya. Zamani, zamani ile ambayo hata anayeisimulia hakuwepo, palikuwa na mlima uliokuwa ukiitwa Ngubiko. Upande mmoja msitu. Upande wa pili malisho. Upande wa tatu mto, na udongo mzuri wa kufinyangia vyungu. Kila upande ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na chama chao.

Msitu ulikuwa wa chama cha warina asali, na mkuu wao alikuwa Kapela. Malisho yalikuwa ya chama cha wachungaji, na mkuu wao alikuwa Lushinge. Mto ulikuwa wa chama cha wafinyanzi, wengi wao wanawake, na mkuu wao alikuwa Mama Wande. Msidhani walikuwa watu wabaya. Ndiyo taabu ya hadithi hii, haina mtu mbaya. Ningekuwa na fisi mmoja tu humu ndani, ningekwisha maliza.

Watu wale waliipenda ardhi yao. Kila mwaka, kiangazi kikianza, kila chama kilifunga ardhi yake ipumzike mpaka masika yaishe. Mkuu wa wachungaji alitundika vipande vya ngozi mpakani. Mkuu wa warina asali alitundika magome. Mkuu wa wafinyanzi alitundika vigae vya vyungu. Kila mmoja alifunga fundo lake, ambalo mwingine hawezi kuliiga. Na sheria ilikuwa moja kwa vyama vyote: alama ya chama chako haiulizwi. Ukiikuta, unageuka.

Masika yakiisha, wanafungua ardhi, wanakula karamu, na zile alama kuukuu wanazitupa korongoni. Likumbukeni hilo korongo.
— Tunalikumbuka.

Sasa niulizeni swali.
— Swali gani?
Niulizeni, malisho yakifungwa ng'ombe walikula wapi?
— Walikula wapi?

Walikula msituni. Waliingia kwa warina asali wakatafuna miche yote. Na warina asali, msitu wao ukiwa umefungwa, walishuka mtoni wakabandua miti magome ya kutengenezea mizinga. Na wafinyanzi, mto wao ukiwa umefungwa, walipanda malishoni wakachimba udongo, mashimo huku, mashimo kule. Alama za jirani waliziona, mbona macho wanayo. Lakini ngozi ni ya wachungaji, mrina asali inamhusu nini? Alipita chini yake akiimba.

Basi kila mtu akatunza kwake na kumaliza kwa mwenzake. Na siku ya karamu kila chama kilijisifu. Nawaona mnaocheka huko nyuma. Chekeni taratibu, mtu asije akawauliza kwenu mnafanyaje.

Pale mipaka mitatu ilipokutana ndipo palipokuwa na korongo, na juu ya korongo palikuwa na nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mjane, jina lake Nyanzala. Baba yake alitoka kwa wafinyanzi, mama yake kwa warina asali, na mume wake, aliyekwisha kufa, alikuwa mchungaji. Nyumba ile waliijenga wawili, yeye na mumewe, na mumewe alizikwa nyuma yake. Nyanzala hakuwa na pengine pa kwenda, wala hakupataka.

Mvua zikaja. Maji yakashuka kutoka msitu usio na miche, yakashuka kutoka malisho yenye mashimo, yakashuka kwenye ukingo wa miti iliyokauka, yote yakaingia korongoni. Korongo likala ardhi. Nyanzala akatoka mlangoni akapima kwa miguu yake mpaka ukingo wa korongo. Mwaka wa kwanza, hatua arobaini. Mwaka wa pili, hatua ishirini na tano. Mwaka wa tatu, hatua tisa.

Akafunga kanga yake, akaenda kwa Kapela, mkuu wa warina asali, ambaye alikuwa kaka wa mama yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba, korongo limefika mlangoni kwangu."

"Pole sana. Lakini sisi kwetu tumefunga vizuri. Na wewe, mtoto anafuata kwa baba. Nenda kwa shangazi yako."

Akaenda kwa Mama Wande, mkuu wa wafinyanzi, ambaye alikuwa dada wa baba yake.

"Shikamoo, shangazi. Korongo limefika mlangoni kwangu."

"Marahaba. Pole, mama. Lakini sisi kwetu hata kijiti hakijaguswa. Na wewe umeolewa. Nenda ulikoolewa."

Akaenda kwa Lushinge, mkuu wa wachungaji, mdogo wake marehemu mumewe.

"Shemeji, korongo limefika mlangoni kwangu."

"Pole, shemeji. Lakini malisho yetu njoo uyaone, hakuna kwato. Na kaka yangu hayupo tena, wala hukumzalia mtoto. Nenda kwa wajomba zako."

Nyanzala akarudi nyumbani akakaa kizingitini. Alilia, siwafichi. Alilia kwa sababu wote watatu walimpa pole, na wote watatu walimpa pole ya kweli.

Alipomaliza kulia akatazama korongoni. Akaona nini?
— Aliona nini?
Aliona ngozi. Aliona magome. Aliona vigae. Alama za miaka yote, kila moja na fundo la mkuu wake, zimelala pale chini kama takataka.

Akashuka. Akaokota kapu la kwanza, kapu la pili, kapu la tatu. Kiangazi kikaanza, wakuu wakafunga ardhi zao kama kawaida. Basi asubuhi iliyofuata Nyanzala akaamka mapema. Ngozi za wachungaji akazitundika msituni. Magome ya warina asali akayatundika mtoni. Vigae vya wafinyanzi akavitundika malishoni. Kisha akarudi kwake akapika uji.

Wachungaji wakaja na ng'ombe mpaka ukingo wa msitu. Wakaona ngozi, na fundo la Lushinge. "Hapa pamefungwa." Wakageuka. Warina asali wakashuka na visu mpaka mtoni. Wakaona gome, na fundo la Kapela. "Hapa pamefungwa." Wakageuka. Wafinyanzi wakapanda na majembe mpaka malishoni. Wakaona kigae, na fundo la Mama Wande. Semeni nyinyi, walisemaje?
— Hapa pamefungwa.
Wakageuka.

Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza? Alama haiulizwi. Hata Lushinge mwenyewe, alipokuta fundo lake mahali asipokumbuka kulifunga, alijiambia kuwa uzee umeanza, akanyamaza. Wakuu wote watatu walijiambia hivyohivyo. Ukiwa mkuu, kusahau ni siri yako.

Kilikuwa kiangazi kigumu. Wachungaji walihamisha ng'ombe mbugani, mwendo wa siku mbili. Warina asali walipachika viraka mizinga kuukuu. Wafinyanzi walifinyanga vyungu vidogo kwa udongo wa akiba. Walinung'unika, lakini waliishi.

Masika yakaja, makubwa kuliko ya mwaka uliopita. Siku yalipokatika Nyanzala akafungua mlango akiwa na hofu. Akapima. Saba, nane, tisa. Akarudia, maana hakuiamini miguu yake. Tisa.

Siku ya kufungua ikafika. Wakuu wakaenda kutoa alama zao, wakakuta nyingi mno, na nyingine ziko kwa jirani. Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Mmeiba ngozi zetu." "Nyinyi mmeiba magome yetu." Wakabishana wakifuata mpaka, vyama vitatu na fimbo mkononi, mpaka wakakutana mlangoni kwa Nyanzala.

Nyanzala akatoka. "Msigombane. Ni mimi."

Kisha Lushinge akasema, "Umechezea alama. Adhabu yake ni kuhama mlima."

"Nitahama. Lakini nani atanihukumu? Chama huhukumu mtu wake."

"Wewe ni wetu," akasema Lushinge. "Umeolewa kwetu."

"Ni wetu," akasema Mama Wande. "Baba yake ni kaka yangu."

"Ni wetu," akasema Kapela. "Nimembeba mgongoni huyu."

Nyanzala akawatazama mmoja mmoja. "Mwaka jana sikuwa na mtu. Leo nina ndugu wengi kweli."

Wakakubaliana kwamba kesi ni ya wote, na kwa mara ya kwanza tangu mlima uwe mlima, vyama vitatu vikakaa mahali pamoja. Nyanzala akatoa vigoda vyote alivyokuwa navyo, yeye akakalia kile kibovu, kigoda cha mshtakiwa. Wote wakanywa uji wake.

"Kabla hamjanifukuza," akasema, "nendeni mkaangalie nilichoharibu."

Wakaenda pamoja. Msituni wakakuta miche imefika magotini. Mtoni wakakuta magome yanajifunga upya kwenye vidonda vya miti. Malishoni wakakuta nyasi zimefunika mashimo. Kila chama kiliona kwa jirani kitu ambacho kilijua vizuri nani alikuwa akikiharibu. Mama Wande alipofika korongoni alivua viatu, akapima mwenyewe kutoka mlangoni. Hatua tisa.

Wakarudi kwenye vigoda. Wakisema Nyanzala hana kosa, itabidi waseme ni nani mwenye kosa. Wakisema ana kosa, itabidi ahame, na sasa hakuna aliyetaka kulitamka hilo mbele ya ile miche. Kapela akakohoa.

"Kesi hii ni ngumu. Naona tuiahirishe mpaka mwakani."

"Tuiahirishe," akasema Mama Wande.

"Tuiahirishe," akasema Lushinge. "Ila kwa kuwa tumekwisha kaa, hebu tuzungumze. Mwakani tukifunga malisho, ng'ombe wangu niwapeleke wapi?"

Ndiyo mara ya kwanza swali hilo kuulizwa kwa sauti. Lilichukua siku nzima. Mwishowe wakapanga zamu: mwaka huu upande mmoja unapumzika, na wale wa pande mbili wanawapa nafasi wenye upande huo, nafasi iliyopimwa. Wakatunga na alama mpya, ngozi na gome na kigae vimefungwa kwenye kamba moja kwa mafundo matatu, ili asiwepo wa kusema haimhusu.

Mwaka wa pili wakaja kusikiliza kesi. Wakapanga zamu, wakaahirisha. Mwaka wa tatu wakaja, wakapanda mianzi korongoni, wakaahirisha. Nyanzala akazeeka kwenye kigoda cha mshtakiwa. Siku moja akawauliza, "Nyinyi mtanihukumu lini?" Lushinge akamjibu, "Shemeji, una haraka ya kwenda wapi?" Wakacheka mpaka uji ukamwagika.

Kisha Nyanzala akafa. Walimzika nyuma ya nyumba, pembeni ya mumewe. Mwaka ule watu wakasema mkutano umekwisha, kesi ya nini na mshtakiwa amefariki? Kila chama kirudi kwake kifunge kwake.

Lakini siku ilipofika Lushinge, mzee sasa, wa kushikwa mkono, alikwenda mlangoni pale peke yake. Akatoa vigoda. Akakipangusa kile kibovu, akakiweka mahali pake. Watu wa vyama vyote walipomwona wakaja mmoja mmoja, wakaketi. Kigoda kile kilibaki kitupu mbele yao.

Lushinge akasafisha koo.

"Mshtakiwa hajafika," akasema. "Kesi tunaiahirisha mpaka mwakani. Sasa tupange zamu."

Na hadi leo haijaamuliwa.

Nimepotea?
— Hukupotea.
Basi naifunga hapa. Atakayeifungua asije peke yake.
Nimesema kweli?

...

Haya. Nimewasikia.