Chupa ya Arobaini na Moja

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba mtu anayeona haya kulisema tatizo lake hatapata wa kumsaidia, hata akiwa amezungukwa na watu wenye nia njema. Tabitha aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuiandikia insha akapata alama nzuri. Lakini insha haiumi.

Tabitha, mzaliwa wa Moshono, alikuwa mtafiti wa maji katika chuo kimoja jijini Arusha. Maji mengi yatokayo Mlima Meru yana madini ya floraidi, nayo yakizidi huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia na hata kupinda mifupa yao. Kijiji kimoja juu ya Ngaramtoni kilikuwa kimepata mfadhili wa kisima, kimoja tu. Kichimbwe wapi? Tabitha alikusanya maji ya chemchemi arobaini na moja, akayapima, kisha akaipa kompyuta kuu kazi ya kuiga safari ya maji chini ya ardhi. Kompyuta hiyo, ambayo kwa kweli ni maelfu ya kompyuta zinazofanya kazi kama moja, ilikuwa nchi ya mbali. Watafiti waliitumia kwa mtandao, kila mmoja kwa saa alizogawiwa. Wa mvua, wa dawa, wa nyota, wa magonjwa ya mimea, wote walipanga foleni kama wagonjwa wa zahanati. Saa za Tabitha ziliisha siku ileile jibu lilipotoka. Lilikuwa jibu tamu: maji mazuri yako chini ya shamba la mzee mmoja wa kijijini, Koko Nosim, koko ikiwa ni bibi kwa lugha ya pale.

Jumamosi moja alipanda kwenda kumpa bibi huyo habari.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba, mwanangu. Keti, keti. Mchungaji ameshatangaza kanisani, mtambo wa kuchimba unakuja Jumatatu, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata."

Mjukuu wake Sinyati, binti wa miaka kumi, alicheka kwa furaha huku amefunika mdomo kwa kiganja, kama ilivyokuwa desturi yake. Chai ikaletwa, na Tabitha akaisifu.

"Ni maji ya mvua hayo, ya kwenye tangi," alisema Koko Nosim. "Ya chemchemi tunakunywa sisi tulioharibika tayari. Mgeni humpi yale! Hata siku ile ulipokuja na vichupa vyako nilikuchotea hayahaya."

Tabitha alikiweka kikombe chini; maji ya mvua hayana floraidi ya mlima. Alikumbuka vizuri. Siku ile alikuwa hoi kwa uchovu, koko akakataa katakata mgeni ashuke bondeni, akaichukua chupa ya mwisho na kuirudisha imejaa. Tabitha hakuuliza maji yametoka wapi. Ungemhojije mama wa watu aliyekwisha kukukirimu? Nayo kompyuta kuu, pamoja na akili zake zote, iliamini ilichoambiwa.

Aliaga, akashuka mwenyewe chemchemini na kujaza chupa nyingine. Jumatatu aliipima. Floraidi ilikuwa mara nne ya kiasi kinachofaa.

Aliogopa sana. Ripoti ilikuwa imeshafika kwa mfadhili, na wenzake walikuwa wameshampigia makofi. Alijifariji kwamba chupa moja kati ya arobaini na moja si kitu, ingawa alijua fika kwamba ndiyo iliyolivuta jibu lote upande wake. Kurudia kazi kulihitaji saa nyingine, na kuomba saa kulihitaji kueleza sababu. Kwa siku mbili alitembea na siri yake kama mtu mwenye kijiwe ndani ya kiatu. Brian, mtafiti wa kutu ya kahawa, ule ugonjwa wa majani, aliyekaa meza ya jirani, alimwuliza mara tatu ana nini.

"Mafua tu," alijibu kila mara, kiganja mdomoni.

Mara ya tatu alikitazama kiganja chake, akamkumbuka Sinyati. Mtoto yule alikuwa anaficha meno. Yeye alikuwa anaficha kisima kizima. Aliona aibu kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikimbia.

Jumatano asubuhi alisimama katika kikao cha idara, akaeleza yote. Msimamizi wake, Daktari Aminieli, alivua miwani.

"Kipimo kile kilikuwa cha chini mno, Tabitha. Hakikukushangaza?"

"Kilinishangaza, Daktari. Lakini kilinifurahisha zaidi."

Daktari alivaa tena miwani yake.

"Mtambo ungekuwa umeshatoboa, ningekukasirikia sana. Leo bado. Unahitaji muda gani?"

"Siku mbili za kompyuta. Sina hata saa moja."

Brian alikohoa. "Dada Tabitha, zamu yangu inaanza kesho. Ichukue. Kutu ya kahawa ipo tangu enzi za babu yangu, itanisubiri. Ila na wewe, mafua gani yale? Si ungesema tu!"

Kikao kizima kiliangua kicheko. Tabitha naye alicheka, kisha akalia waziwazi bila kujificha.

Jibu jipya lilitoka Jumamosi, na Daktari Aminieli mwenyewe akampigia simu mfadhili. Jumatatu mtambo ulipofika, ulilipita shamba la Koko Nosim ukapanda hadi ukingoni mwa kijiji, ambapo hakuna aliyekuwa amepafikiria. Siku maji yalipotoka, Tabitha aliyakinga mwenyewe, akayapima mara tatu. Yalikuwa mazuri.

Miezi michache baadaye alirudi kumsalimu koko, akamiminiwa glasi ya maji. Hakunywa.

"Samahani, koko. Leo nauliza. Haya yametoka wapi?"

Koko Nosim alicheka hadi akashika mbavu. "Kisimani kwetu! Sasa tuna maji ya kumpa mgeni."

Pembeni yake Sinyati alikuwa amempakata mdogo wake, ambaye jino lake la kwanza ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza, akimnywesha maji yaleyale kwa kijiko. Kama Tabitha angeendelea kuugua mafua yake, kijiko kile kingebeba maji mengine. Mficha uchi hazai.