Ngoma Iliyochezwa Kwenye Nyasi Kavu

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wakiwa na nyumba zao, wakipika ugali na kuazimana chumvi, Bi Kindi aliishi juu ya mkuyu katika msitu wa Kwamtindi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu wachanga, hawajaota hata manyoya.

Chini ya msitu palikuwa na kijiji. Kila kiangazi wanakijiji, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Namkunda, walikuja na majembe, wakafyeka nyasi za ukingoni na kuacha ukanda mtupu. Moto wa mashambani ukifika hapo, hufa. Nao msitu uliwapa kuni, asali na maji ya chemchemi.

Mwaka mmoja akapita mgeni asiyejulikana, akaangusha mvule mkubwa, akaenda zake. Jumbe Tembo akafura kwa hasira.

"Watu wote ni wale wale!" akanguruma. "Kuanzia leo asikanyage mtu hapa!"

"Akikanyaga namrusha juu, puu!" akadakia Bwana Nyati, askari wake.

Wakaziba njia kwa magogo. Namkunda alipokuja na wenzake, Nyati akawatimua mbio hadi kijijini.

Nyasi zikarefuka. Zikakauka. Upepo ukipita zinalia chakacha, chakacha. Bi Kindi alizitazama, kisha akawatazama wanawe. Akashuka hadi kwa Jumbe.

"Shikamoo, Jumbe. Nyasi zimekauka. Waruhusu watu wafyeke, moto usije ukatumaliza."

"Marahaba. Moto?" Tembo akacheka hadi masikio yakapepea. "Mimi nauzima kwa mkonga mmoja! Nenda kapasue njugu zako."

Bi Kindi akaondoka, machozi yakimlengalenga. Njiani akasimama ghafla.

"Aa! Asiyesikia ushauri, pengine husikia sifa."

Akamwendea Nyati. "Bwana Nyati, mimi nasema wewe ndiwe mchezaji ngoma wa msitu huu. Lakini Jumbe anasema miguu yako ni mizito kama kinu."

"Kinu? Mimi?" Nyati akakwaruza ardhi, kwaa!

Bi Kindi akarudi kwa Tembo. "Jumbe, Nyati anasema wewe ukicheza hata jani haliinami."

"Ati nini! Aje hapa!"

"Shindaneni kesho asubuhi pale ukingoni. Atakayelaza nyasi nyingi ndiye bingwa. Ila wapigaji ngoma ni watu tu."

"Watu? Hapana!"

"Haya, nitamwambia Nyati kwamba umeghairi."

"We Kindi, subiri! Waje. Lakini wabaki nje ya miti."

Bi Kindi akatimka hadi kwa Namkunda. "Shoga, njooni na ngoma. Na majembe msiyaache."

"Hee! Yule Nyati alipotutimua alinichania kanga, nusura anichane na mimi," Namkunda akasema. "Wenzangu wanaogopa."

"Akicheza hana macho ya kuona mtu. Nakusihi, nina watoto juu ya mti ule."

Namkunda akachukua jembe lake. Halafu akajifunga kibwebwe.

Asubuhi ngoma zikalia, ti-ndi! ti-ndi! Tembo akaanzia mashariki, Nyati magharibi. Gubu! Gubu! Nyasi zikalala kama mikeka. Nyuma yao watu wakakwangua, wakakusanya, wakang'oa hata mizizi. Jua lilipoanza kuinama, ukanda mzima ulikuwa mweupe kama uwanja wa kupuria mpunga.

"Nimeshinda!" akahema Tembo.

"Umeshinda nini? Tazama upande wangu!"

Wakiwa bado wanabishana, moshi ukapanda kutoka mashambani. Moto ukaja na upepo, vuuu! Tembo akauvamia, akapuliza maji ya mkonga, chwaa! Moto haukujali. Ukamchoma ncha ya mkonga, akarudi nyuma akilia.

Bi Kindi akapanda mkuyu mbio, akawafunika wanawe kwa mkia wake, akafumba macho.

Moto ukafika kwenye ukanda. Ukaulamba udongo, ukatafuta nyasi, usipate. Cheche zilizoruka, Namkunda na wenzake wakazipiga kwa matawi mabichi, pa! pa! pa! Mwisho moto ukazimika.



"Jumbe," akaanza Nyati, "kwani mimi nimeanza lini kuwa kinu?"

"Kinu gani? Si wewe uliyesema sitikisi hata jani?"

"Mimi? Sijasema!"

Wote wawili wakatazama juu.

"Kindi!"

"Abee, Jumbe!"

"Umetudanganya!"

"Nimewadanganya, Jumbe. Ukweli niliuleta kwanza, ukanicheka."

Tembo akageuka. Akamtazama Namkunda, uso umejaa masizi, mikono imechubuka, bado anakanyaga kaa la mwisho chini ya mti ambao si wake. Akajikokota hadi njiani, akaondoa magogo, moja baada ya jingine, kwa mkonga ule ule uliokuwa ukimuuma.

"Karibuni ndani, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Chemchemi iko palepale."

Nyati naye akapisha njia, akiitazama ile kanga iliyochanika, haya imemjaa.

Wanangu, msitu humtunza mtu, na mtu akiutunza msitu, moto hukosa pa kupita.