Ua Uliofunguliwa Tumbo

"Punguza kijani, kahawia haichipui." Chekeni tu, nyie wenye mikasi mipya. Waliomjua Mwanjaa hawaitamki wakicheka. Methali hii ilianza hivi.

Mwanjaa aliolewa na Shekulwavu huko milima ya Usambara, kwenye nyumba iliyopakana na msitu. Kati ya nyumba na njia ya msituni palikuwa na ua wa miti ya misaiprasi, uliopandwa na mama mkwe wake. Kila baada ya masika bibi yule aliukata ncha tu, na kabla ya kufariki alimkanya mwanawe: "Usiufungue tumbo. Ndani ni pakavu, hakuna jicho la kuchipua."

Lakini Shekulwavu alipoezeka bati jekundu, ua ukaanza kumkera. Nyumba nzuri hivi, nani ataiona? Akashika panga, akakata hadi kwenye matawi ya kahawia. Mwanjaa alipochungulia ndani, palipokuwa na giza miaka yote, aliona ardhi imefagiliwa, na alama za fagio bado mbichi. Alimwomba mumewe aache, lakini ubishi nao ni ugonjwa.

Jioni ukungu ulishuka, na sauti ikatoka penye pengo: "Hodi."

"Mama!" Shekulwavu akasimama. Ilikuwa sauti ya marehemu kabisa.

Mwanjaa akamshika mkono. "Usiitike, mume wangu. Mama gani abishe hodi nyumbani kwake?"

Kulipokucha Shekulwavu alimwaga samadi, akamwagilia maji, akakagua tawi baada ya tawi. Hapakuwa na hata punje ya kijani. Akapanda miche katika pengo, lakini mche hauzibi njia kwa siku moja. Kila ukungu uliposhuka hodi ilirudi, ikisogea: pengoni, kiwanjani, barazani. Mwanjaa aliogopa sana. Mumewe hakuogopa tena. Alimkumbuka tu mama yake, na hilo ndilo lililommaliza.

Jioni moja Mwanjaa alikuwa akitoka kisimani akasikia, "Mwanangu, huku nje baridi," kisha sauti ya mumewe, laini: "Karibu."

Alikimbilia nyumbani. Mlangoni Shekulwavu alimzuia, kidole mdomoni.

"Vua viatu, mke wangu. Mama amelala."

Mwanjaa akageuka, akaenda kwao hivyo hivyo, na ndoo kichwani. Nduguze walimuuliza kama mumewe amempiga, kama amemfukuza, kama hawawezi kusuluhishwa. Alilia, akajibu neno moja tu: "Punguza kijani, kahawia haichipui."