Udi wa Talibu na Jini Mla Harufu

Katika mji wa Rasi Anbari, wenye malango ya shaba na watu wapendao kulala mchana, alitawala Sultani Hilali bin Nuhu, mtu mpole mwenye sauti ndogo na hazina kubwa, na hazina hiyo, jamani, haikujaa kwa vita wala kwa dhuluma, ilijaa kwa sheria moja tu. Ukinunua kitu kwa bei ndogo na ukakiuza kwa bei kubwa, ile ziada si yako peke yako. Ukiuza kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, hazina huchukua sehemu ya kumi ya ziada. Ukiuza kwa mkupuo, huchukua theluthi. Ukikitoa wakfu kwa ajili ya wagonjwa, mkono wa hazina haukigusi. Na usipouza kabisa, hudaiwi hata punje. Ni neno hilo la mwisho lililowaharibu watu wa Rasi Anbari, na nusura limharibu huyu ninayetaka kuwasimulia.

Aliitwa Talibu bin Shaame, muuza manukato. Alipokuwa kijana alinunua kwa mjane mmoja mche wa udi uliopinda, wenye kidonda shinani, na bei yake ilikuwa bei ya kuku wawili. Wenzake wa sokoni walimcheka mpaka wakashika mbavu. Lakini mnaoujua udi mnajua kwamba mti mzima hauna harufu. Ni ugonjwa unaoingia ndani yake ndio unaoutoa ule utomvu mweusi, na utomvu huo ndio udi wenyewe. Basi kidonda kikaenea na mti ukakua, na harufu yake ikapanda juu ya kuta na kuingia madirishani, na mtaa mzima ukilala adhuhuri watu wakawa wanaota ndoto tamu: wagomvi huota wamepatana, na wajane huota waume zao wamerudi na kukaa barazani kana kwamba hawakuondoka.

Wanunuzi wakaja kutoka nchi za mbali. Na desturi ya watu wa manukato wa mji ule ni kutoitaja bei kwa mdomo. Hutandaza kitambaa juu ya mikono yao na kupatana kwa kubonyezana vidole, ili wenye masikio marefu wasipate kitu. Kila mwaka vidole vilibonyeza zaidi, na kila mwaka Talibu aliuchomoa mkono wake na kusema, "Bado."

Sasa, aliyeumizwa na hiyo bado yake alikuwa Mwana Shufaa, mshona kofia, mchumba wake. Alimposa wakati mti umefika dirishani, na sasa mti umepita paa! Siku moja Shufaa akaja uani mwake, akasimama, mikono kiunoni.

"Talibu, niambie ukweli. Wanitaka au hunitaka?"

"Nakutaka, wallahi! Nakutaka kuliko..."

"Usiseme kuliko mti, utapata dhambi bure. Mahari huna. Godoro la kulalia huna. Hiyo kanzu uliyovaa nimeitia viraka mimi. Na watu wanakuita tajiri!"

"Ni tajiri, Shufaa. Nikikata tawi moja tu, kesho tunaoana. Lakini nikate, nimpe Sultani sehemu ya kumi? Kwa kazi gani aliyoifanya? Aliumwagilia yeye? Subiri mwakani, bei itakuwa maradufu."

"Mwakani! Nimeshona kofia za maharusi wa mji huu wote, na wengine sasa nawashonea wana wao, nami bado naambiwa mwakani. Sikiliza. Mjomba amepata mtu, mwenye mashamba ya tende, anataka jibu Ijumaa. Usipokuja na mahari mkononi, nitasema ndiyo. Sikutishi. Nimechoka."

Akaondoka akilia, maana alimpenda yule mjinga. Na Talibu akajilaza chini ya mti wake na moyo ukimuuma, akauegemeza uso kwenye gome, akavuta pumzi. Na ile pumzi haikuwa pumzi ya kila siku, maana pamoja na harufu aliona kitu kinafumuka kutoka kwenye gome, kirefu, chembamba, chenye rangi ya moshi, na mara kikawa jini aliyevaa kilemba, anapiga miayo.

"Assalamu alaykum, ewe mwenye mti. Mimi ni Barkushi bin Dukhani, jini mla harufu, niliyefungwa katika mti huu nimtumikie mwenyewe. Nimekungoja uniite tangu ulipoununua."

"Sikujua kama uko!" akasema Talibu, meno yakigongana.

"Hukuuliza. Ulikuwa ukipiga hesabu."

Talibu alipopata nafsi yake hakuomba dhahabu wala kasri. Akasema, "Ewe Barkushi, nichukue mimi na mti wangu, utupeleke katika mji usiomdai mtu ushuru."

"Mti hauhamishiki," akajibu jini, "lakini wewe nitakupeleka ukatazame."

Akamfunika kwa joho lake la moshi, na Talibu akajiona anaelea juu ya mawingu yenye joto kama mkate unaotoka tanurini, na chini yake milima ikipita polepole kama ng'ombe warudio zizini, na hakusikia upepo wala sauti, ila mapigo ya moyo wake. Kisha wakashuka katika mji uitwao Kanzi. Njia zake zilikuwa za marumaru, na nyasi zimeota katikati. Soko lilikuwako, na milango yake imefungwa kwa utando wa buibui. Watu walikuwako pia, wamekaa vizingitini mwao, wamekonda, kila mmoja amekumbatia kitu kimoja.

Palikuwa na bibi mwenye ndege aliyezungumza zamani lugha za wafalme wote, na wafalme wote walimtaka. Sasa ndege amezeeka, manyoya yamempukutika, na katika maneno yake yote limebaki moja. "Bado," alisema yule ndege. "Bado, bado." Palikuwa na mwenye zulia lililofumwa na majini, nondo wamelitoboa, naye ameziba matundu kwa viganja vyake yasionwe. Na karibu na lango palikuwa na mzee aliyevaa joho la arusi, ndevu zake nyeupe zimefika magotini, mbele yake chupa ya miski iliyofungwa kwa nta.

"Mzee wangu, shikamoo," akasema Talibu. "Unangoja nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nangoja bei ipande kidogo tu, niuze, nikaoe."

"Na bibi arusi yuko wapi?"

Yule mzee akamtazama kwa macho matulivu. "Bibi arusi gani?" akauliza.

Talibu aliposikia hayo akalia kwa sauti katika mji ambao haujawahi kusikia kelele tangu zamani, na akamshika jini joho lake, akamwambia, "Nirudishe, nakuomba, nirudishe kabla ya Ijumaa!"

Kufumba na kufumbua yuko uani mwake, na jua liko palepale lilipokuwa. Barkushi akaketi karibu naye, akamwambia kwa upole, "Nawe ujue na hili jingine, bwana wangu. Kinachoupandisha bei mti wako ndicho kinachoula. Siku ugonjwa utakapofika nje, mti utaanguka uwe unga usiofukizika."

"Lini?"

"Sijui. Huenda kesho, huenda wajukuu wako waupande. Mimi ni jini, si mtabiri."

"Basi uukinge! Si umefungwa unitumikie?"

"Kukutumikia nimefungwa. Kubeba hasara yako sikufungwa. Hilo ni la kupatana." Na jini akatandaza kitambaa. "Mimi nakuwekea sakafu: mti ukianguka, sehemu utakayokuwa hujaiuza nitakulipa kwa thamani ya leo, pungufu kidogo. Nawe uniwekee dari: harufu ikizidi kipimo tutakachokubaliana, ile ziada si yako tena. Nitaila mimi, nawe utauza kwa bei ya kipimo."

"Nipe sakafu," akasema Talibu, "dari tuiache."

Loo! Jini akacheka mpaka majani yakapukutika. "Wewe! Umetoka Kanzi sasa hivi, machozi hayajakauka mashavuni!"

Talibu akaona haya, akaingiza mkono chini ya kitambaa. Akahesabu vidole vya mwenzake, akaona vimezidi. Akahesabu upya, vikawa vingine. Maana vidole vya jini havitulii, na hapo muuza manukato hodari alitoka jasho kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Lakini mwishowe walipatana.

Asubuhi ya Ijumaa akashika shoka. Jamani, msimcheke. Alilinyanyua akalishusha, akalinyanyua tena, na akauomba mti radhi kama mtu anayemtahiri mwanawe. Kisha akakata. Harufu iliyotoka katika lile tawi ilitiririka mitaani kama maji yaliyofunguliwa, na mji mzima ukasinzia: muuza kahawa alilala na birika mkononi, askari wa lango walilala wameegemeana, na kila mmoja aliona katika ndoto uso alioutamani zaidi. Talibu peke yake hakulala, kwa kuwa uso anaoutaka hakutaka kuuona ndotoni.

Watu walipozinduka akaliuza tawi, na kabla hajaguswa na shetani wa kubadili nia akaenda mwenyewe kasrini na sehemu ya kumi ya ziada. Waziri hakuamini macho yake, akamwingiza mpaka mbele ya kiti cha enzi.

"Ewe Talibu," akasema Sultani Hilali kwa sauti yake ndogo, "ninyi wenye mali moja kubwa hamjapata kuukanyaga mlango huu. Mnakaa juu ya mali zenu, na hazina yangu inalishwa na wauza mchicha. Ni jambo gani lililokuleta?"

"Ewe bwana wetu, Mungu audumishe utawala wako," akajibu Talibu akiinama, "sehemu niliyokupa leo imeniuma saa moja. Ile niliyokunyima imeniuma ujana wangu wote. Na mbele yako nashuhudia kwamba tawi kubwa la upande wa kibla nimelitoa wakfu kwa nyumba ya wagonjwa, ili wapate usingizi. Na mengine nitayauza mwaka kwa mwaka, nawe utapata haki yako, inshallah, na mimi nipate yangu."

Sultani akafurahi, akataka kumvika joho la heshima na kumwalika chakula. Talibu akasema, "Bwana wangu, niwie radhi, leo ni Ijumaa!" Akatoka mbio, kilemba kikining'inia mabegani.

Kwa mjomba wa Shufaa kahawa ilikuwa imekwisha kumiminwa. Mwenye mashamba ya tende alikuwa ameketi kwa adabu zake, na Shufaa nyuma ya pazia, mdomo umefunguka kusema ndiyo. Talibu akaingia anahema, akauweka mfuko wa mahari sakafuni.

Shufaa akatoka nyuma ya pazia mbele ya wanaume wote, akamshika mikono, akaigeuza viganja juu. Vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Umekata?"

"Nimekata."

Hapo Shufaa akacheka na kulia kwa pamoja, na mjomba akamtazama mgeni wake, na mgeni, ambaye alikuwa muungwana, akanywa kahawa yake akaitikia dua. Wakaoana jioni ileile, na Talibu baadaye akanunua kwa yule mgeni shamba la tende, kwa udi wa mwaka wa pili. Kwa udi wa mwaka wa tatu akanunua nyumba katika mtaa wa masonara, na ulipofika mwaka mwingine akatia fedha katika vitanda vya kufumia nguo. Kila mwaka alilipa sehemu ya kumi, na kila mwaka alinuna siku nzima, kisha akasahau.

Lakini msidhani ilikuwa rahisi. Kuna mwaka harufu ilivuka kipimo cha mapatano mara mbili, na ziada yote ikaingia tumboni mwa Barkushi, akanenepa kama mto wa sufi mpya. Talibu akagaagaa kitandani. "Mali yangu ile, Shufaa! Analiwa mtu hivi hivi!" Na Shufaa akamgeuzia mgongo, akasema, "Lala wewe."

Na adhuhuri moja, wala hapakuwa na mvua wala upepo, mti ukashuka. Haukuanguka kwa kishindo. Ulijimimina tu, kama mchanga, ukawa rundo la unga mweupe usio na harufu. Talibu akasimama mbele yake, akangoja moyo wake upasuke, na moyo haukupasuka. Barkushi akamlipa thamani ya matawi yaliyobaki, kama alivyoahidi, bila kupunguza zaidi ya walivyopatana. Kisha yule jini akaketi juu ya unga, akaficha uso, akalia.

"Walia nini, nawe umetimiza ahadi?"

"Bwana wangu, mimi niliyekupeleka Kanzi ukaone! Chakula changu chote kilikuwa mti huu. Nilijua utaanguka, na kila siku nikasema, nile leo, mwingine nitatafuta baadaye. Sasa nitakula nini?"

Shufaa ndiye aliyemwinua jini kwa mkono, akampeleka mlangoni, akamwonyesha mji. Kutoka nyumba ya wagonjwa moshi mwembamba ulikuwa unapanda, na mwingine kwa masonara, na mwingine kwa mwenye tende, na mwingine mbali karibu na malango ya shaba, katika kila nyumba lilikouzwa tawi.

"Hakuna nyumba moja hapo itakayokushibisha," akamwambia. "Itabidi uzunguke. Lakini njaa hutakufa."

Jini akafuta macho, akaondoka taratibu kuelekea moshi wa karibu. Talibu na Shufaa waliishi kwa neema mpaka Mungu alipowachukua, na funzo lao ni hili, nalisema waziwazi asije mtu akasema hakusikia: kilichokutajirisha kisiwe ndicho peke yake unachokitegemea, na ushuru wa mfalme usiuogope kuliko unavyoogopa kumpoteza mwenzako. Yangu yamefika ukomo wake, na mwenye swali amuulize mkewe.